Mkono Uliotoa Arval

Donge lilikataa kuumuka. Nilikuwa nimelikanda kabla ya mapambazuko, nikaliweka kando ya moto chini ya kitambaa chenye uvuguvugu, na kila nilipolibonyeza kwa kidole shimo lilibaki palepale. Jiko la akina Raine lina sakafu ya mawe, na baridi ya Machi hupanda kutoka humo hata moto uwe mkubwa namna gani. Mikate iliyokwisha kuiva ilikuwa mezani, ya mviringo, midogo ya kutosha kushikwa kwa viganja viwili, inanukia mdalasini na kungumanga. Kikapu cha kwanza kilikuwa kimejaa. Cha pili kilikuwa kinangoja donge hilo.

"Lisogeze motoni, Jennet," Tamsin akasema.

"Nikilisogeza litaiva kabla ya kuumuka."

"Liive tu. Anayezikwa hataula."

Tamsin Raine alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapiga kiwi viatu vya mdogo wake. Baba yao, mzee Antony, alikuwa sebuleni ndani ya jeneza, akingoja saa ya kanisa. Miaka mingi Tamsin alimgeuza kitandani, akamlisha, akamwosha, na katikati ya hayo akachunga kondoo wa mlimani, akakamua, akakata nyasi za kiangazi na kuzianika. Sasa uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Tangu mzee akate roho sikumwona akilia. Nadhani kulia nako kunataka nguvu.

"Leo nisimame mlangoni tu," akasema, kama anayejihesabia kazi zilizobaki. "Nisimame, nitoe mikate, nilale."

"Utasimama."

"Hata kwa kuegemea mlango."

Mikate hii kwetu inaitwa arval. Hakuna matanga bila arval. Mama yangu ndiye aliyekuwa mwokaji wa bonde letu, na alipofariki kazi ikaniangukia mimi, pamoja na lile neno lenyewe, ambalo limenisumbua tangu utotoni kwa sababu kila mzee niliyemuuliza maana yake alinipa jibu tofauti na la mwenzake. Majira ya baridi yaliyopita Bwana Wharton, mwalimu mstaafu, aliniomba niandike historia ya neno hilo kwa ajili ya watu wa mjini wanaokusanya mambo ya kale. Nimesoma vitabu alivyoniazima, kimoja kimoja, jioni, baada ya kuosha vyombo. Nilikuwa nimefika katikati ya maandishi yangu, na sikujua niyamalizeje.

Lakini siku hiyo arval halikuwa neno la kitabuni. Shamba la akina Raine ni la kukodi, kama mashamba yote ya bonde letu. Mzee Antony hakuacha wosia, wala hakutamka chochote. Mwaka wa mwisho hakuweza kutamka hata jina la binti yake. Na wakala wa mwenye ardhi, anapokuja mwisho wa Machi, haulizi karatasi. Huwauliza wazee watatu wa jirani, "Nani alitoa arval?" Yaani nani alisimama mlangoni watu walipokuwa wakiondoka, akamtia kila mmoja mkate mkononi. Huyo ndiye anayeandikiwa shamba. Sijui nani alianzisha jambo hili. Najua tu kwamba limeepusha kesi nyingi, na wakala hulipenda kwa sababu humrudisha nyumbani mapema.

Mlango wa ngazi ukafunguka, akaingia Edith, mke wa Lanty, yule mdogo wake Tamsin. Walikuwa wamefika kwa treni siku iliyotangulia kutoka mji wa Barrow, ambako Lanty hupiga ribiti, ile misumari ya kuunganisha mabamba ya chuma, kwenye kiwanda cha meli. Watoto waliwaacha kwa jirani. Edith alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa mikono. Kabla hata hajasalimu alikuwa ameshachukua ufagio.

"Wifi, hukulala," akamwambia Tamsin. "Nilisikia hatua zako usiku kucha."

"Ng'ombe mwekundu anakaribia kuzaa. Nilikwenda kumwangalia."

"Na huyo hawezi kungoja?"

"Mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Edith akacheka, kisha akasimama dirishani na ufagio mkononi, akitazama mlima. "Usiku nilifungua dirisha, na asubuhi shuka bado ni jeupe," akasema. "Kwetu ukilaza shuka nje kwa saa moja, linarudi na masizi. Mwanangu mdogo anakohoa tangu Oktoba. Angekaa hapa mwezi mmoja tu, angenenepa." Hakuwa akimwambia mtu yeyote. Tamsin akaendelea kupiga kiwi, lakini nilimwona amepunguza kasi.

Lanty alikuwa mwana wa kiume, na pekee. Hakuna aliyelitaja hilo.

Tulimzika mzee saa sita. Mvua nyembamba ilinyesha tangu nyumbani hadi kaburini, kisha ikakoma tulipogeuka kurudi. Watu wakajaa nyumbani: nyama baridi ya nguruwe, jibini, chai, na pombe ya shayiri kwa wanaume. Watu wetu hula polepole kwenye matanga, na husema kidogo, hadi chai ya pili.

"Mzee Antony alichukua muda wake," akasema Kit Sowerby, jirani wa chini, mzee mwenye mabega kama nira. "Kila Krismasi nilisema huyu haioni Pasaka."

"Na yeye alisema hivyohivyo juu yako," mtu akamjibu.

"Alisema. Alikuwa mshindani." Kit akajimiminia pombe. "Lanty, kijana wangu, kaa hapa. Mnasikia nini huko kiwandani?"

"Hatusikii kitu, mzee. Masikio yameshakufa." Lanty akagusa sikio lake. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa babu, lakini kwa Kit bado alikuwa kijana. "Ukitaka kuniambia jambo, simama mbele yangu."

"Basi wewe ungefaa kuoa kwetu. Dada zangu waliongea hadi kaburini."

Watu wakacheka kwa adabu. Ndipo tukamsikia yule ng'ombe. Haikuwa sauti ya kawaida. Ilikuwa ndefu, kisha ikakatika. Tamsin, aliyekuwa anamimina chai, akaweka birika chini na kutoka vilevile na nguo zake nyeusi. Nikamfuata kwa sababu nilijua hatamwita mtu amsaidie.

Ndama alikuwa amekuja na mguu mmoja tu. Mwingine umekunjwa ndani. Tamsin akakunja mikono ya gauni, akapaka sabuni hadi begani, akalala ubavuni kwenye majani makavu. Mimi nilishika mkia na kamba. Aliingiza mkono, akasubiri uchungu upite, akaingiza tena. Mara moja alifumba macho na shavu lake likatulia juu ya paja la ng'ombe, nikadhani amelala kweli.

"Tamsin."

"Niko. Nimeupata ukwato." Baada ya muda akasema, "Vuta. Taratibu. Akisukuma yeye, nawe vuta."

Ndama akatoka, ulimi wake wa bluu. Tamsin akamfuta pua kwa upindo wa gauni la matanga, akampuliza, akampiga mbavuni kwa kiganja, hadi akapiga chafya. Jike. Tukakaa sakafuni kidogo, migongo ukutani, tukimtazama mama akimlamba. Sikuwaza mlango. Naamini na yeye hakuwaza. Tulikuwa tumechoka, na mbele yetu palikuwa na kitu kilicho hai.

Tulipovuka uwanja, watu walikuwa wanashuka njiani na mikate kifuani.

Edith alikuwa amesimama mlangoni, kikapu kwenye kiti kando yake, na alikuwa akimkabidhi mke wa kasisi mkate kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, akisema, "Ahsanteni sana kwa kuja. Ahsanteni." Alikuwa amevaa aproni safi. Alitupungia mkono alipotuona, amefurahi kwamba amesaidia. Baadaye alinieleza jinsi ilivyokuwa: watu walisimama, wakaanza kuvaa makoti, wakawa wanauzunguka mlango bila kuondoka, wakitazamana, na yeye akaona aibu kwa ajili ya nyumba. Mikate ipo, watu wapo, na mwenyeji hayupo. Mtu mwenye adabu angefanya nini? Na watu wetu, ambao hawakatai kitu kinachotolewa kwa heshima, waliupokea mkate na kusema kile tunachosema: "Nyumba isimame."

Lanty alikuwa nyuma yake, karibu na moto. Alizaliwa katika nyumba hiyo. Alikuwa anajua. Kama alimwona mkewe akinyanyua kikapu na akanyamaza, au kama hakusikia na alipogeuka ilikuwa imekwisha, siwezi kusema. Nimelifikiria mara nyingi, na bado siwezi kusema.

Wa mwisho kutoka alikuwa Kit Sowerby. Edith akamnyooshea mkate. Kit akaweka mikono mfukoni.

"Mikono yangu ina baridi, bibie," akasema.

"Ndiyo maana uuchukue, mzee, kikapu kilikuwa kando ya moto, bado una joto kidogo."

"Najua. Ila nitaupokea siku nyingine, kwa mwenye nyumba." Akampita Tamsin uwanjani, akamtazama gauni lililolowa damu na maji, na mkono uliovimba. "Jike au dume?"

"Jike," Tamsin akajibu.

"Afadhali," Kit akasema, akaenda zake.

Tamsin aliingia, akaona kikapu kitupu. Akanawa mikono kwenye ndoo, akakaa kwenye benchi la ukutani na gauni lilelile, akaegemeza kichwa, na papo hapo akasinzia, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa.

"Nimefanya nini?" Edith akaniuliza kwa sauti ya chini. Hakuwa mjinga. Aliiona mikono ya Kit mfukoni. "Bi Jennet, niambie. Mkate una nini?"

Nikaanza kuosha sahani, yeye akashika kitambaa cha kukaushia. Lanty alikuwa kwenye kiti karibu yetu, uso ameuelekeza kwangu ili asome midomo. Nikamweleza kwanza la wakala na wazee watatu. Akaacha kukausha.

"Kwa mkate?" akasema. "Shamba zima kwa mkate?"

"Zamani haukuwa mkate. Ilikuwa pombe."

"Sasa ndiyo naelewa," akasema, kwa uchungu. "Walikuwa wamelewa."

"Walilewa pia, ndiyo." Nikamwambia kama nilivyoliandika, polepole, maana sijui njia nyingine. Kwamba watu waliovuka bahari ya kaskazini wakajenga kwenye milima hii walikuja na neno hilo, na lilikuwa maneno mawili yaliyoshikana: urithi na pombe. Mzee akifa, kiti chake kilikaa kitupu. Mwanawe hakukikalia. Aliketi kwenye ngazi chini ya kiti, mbele ya wageni wote, hadi kikombe kilipoletwa. Hapo akasimama, akatamka kwa sauti kazi atakayoifanya, akanywa, ndipo akaongozwa hadi kitini. Kabla ya hapo hakuwa mrithi. Alikuwa mtoto wa marehemu tu.

"Kisha?"

"Kisha wakawa watu wa kanisa. Viti vile vikaoza, ahadi ikasahaulika, karamu ikabaki. Arval ikawa chakula chochote cha matanga, hata cha maskini asiye na cha kurithisha. Halafu pakawa na wakati watu waliifanya kuwa ushahidi. Jeneza liliachwa wazi, majirani wanamkagua maiti kabla ya kula. Ukila, umesema: nimeona, hakuna aliyemharakisha huyu, sina neno na mrithi."

Edith akageuka kutazama mlango wa sebule. "Mungu wangu," akasema polepole.

"Baadaye karamu ikawa ghali. Ikawa unampa mtu mkate aondoke nao, akale na wa kwake. Mkate wa ngano, wakati mwaka mzima wanakula wa shayiri. Neno likahama kutoka mezani likaingia kwenye mkate. Ndipo tulipo. Watoto wanadhani ni jina la mkate wenye mdalasini."

"Na mimi je? Sikujua hata jina. Mtu atapewaje shamba kwa kitu asichokijua? Na atanyang'anywaje?" Akaanza kukausha tena, kwa nguvu. "Sikuja kuiba, Bi Jennet. Lakini sitakudanganya. Tangu jana usiku, kwenye lile dirisha, nimelitamani. Watoto wangu wanalala kitanda kimoja, wanne. Nikimsikia huyu mdogo anakohoa nahesabu mbavu zake. Wifi yangu yuko peke yake hapa na vyumba hivi vyote. Nikisharudi Barrow nitasema nini? Kwamba shamba lilikuwa mkononi mwangu nikalirudisha kwa ajili ya adabu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza.

"Hiyo ahadi," Lanty akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu wageni waondoke, na alisema kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyosema. "Walikuwa wanaahidi nini?"

"Kila mtu na lake. Kujenga. Kulipiza kisasi. Ilibidi iwe kazi ambayo watu wataweza kumdai."

Akatazama moto. "Mimi ningesema nini?"

"Ungesema utawalea watoto wako pasipo moshi," Edith akamjibu, akimgeukia ili aone.

"Hiyo ni haja, mama Nelly. Yeye kasema kazi." Akajikuna kidevu. "Kondoo wanaanza kuzaa wiki mbili kutoka leo. Leo ng'ombe kazaa, nikabaki na bilauri yangu. Nimesahau hata unamshika wapi. Tukipewa shamba, nitauza kundi mwezi wa Mei ili nilipe kodi, na mwakani sitakuwa na la kuuza. Hilo ndilo ningesema. Huo ndio ukweli wake."

"Unaweza kujifunza."

"Kwa nani?" Akaonyesha benchi kwa kidevu. "Kwa yule? Nimfukuze kwanza, kisha nimwite anifundishe?"

"Hakuna aliyesema afukuzwe."

"Atakaa jikoni mwako basi, na wewe utamwambia apike nini?"

Edith akachukua sahani nyingine. Tukazimaliza zote. Nje kulikuwa bado na mwanga, ule mwanga wa Machi unaochelewa bila kuleta joto. Tamsin akaamka mwenyewe, akakaa wima, akatazama mikono yake. Kisha akainuka na kwenda kwenye kikapu cha pili, kile cha donge lililonikatalia. Mikate yake ilitoka mifupi na mizito, lakini ilitoka. Hiyo ilikuwa ya wasiofika: wagonjwa, wenye watoto wachanga, wazee ambao miguu haiwafikishi kanisani.

"Nakwenda kuigawa," akasema. "Ikilala itakuwa mawe."

"Wifi," Edith akaanza. "Kuhusu ile ya mlangoni."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini sasa najua, na sijui nikuambie nini."

"Usiniambie kitu leo. Leo sina mahali pa kukiweka." Akachukua shali. "Watu hawa wanangoja mikate. Hayo mengine yatakuwa ya wakala."

Hapo lazima nieleze jambo ambalo siku hizi hulisikii ila kwa wakongwe. Mikate ya wasiofika hupelekwa na watu wawili. Mmoja hubeba, mmoja hutoa. Anayetoa ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba habebi. Zamani aliyebeba alikuwa yule ndugu ambaye angeweza kurithi na hakurithi. Ilikuwa njia yake ya kusema, mlango kwa mlango, kwamba hana neno. Vijana wa leo hubeba wenyewe na kutoa wenyewe, na wengine huuacha mkate kwa mtoto mlangoni. Lakini wasiofika ndio wakongwe wenyewe. Na wale watatu wa wakala huchaguliwa humohumo.

Lanty alikuwa anavaa koti. Akavuka jiko, akanyanyua kikapu kutoka mkononi mwa dada yake, akapitisha mpini kwenye kiwiko.

Tamsin akamtazama. Alikuwa anajua. Wote wawili walifundishwa na mama mmoja.

"Mwache Jennet abebe," akasema. "Usibebe kwa kunihurumia."

"Sikuhurumii, dada. Sikuwa na cha kusema kwenye ile ngazi ya mrithi, basi."

"Ngazi gani?"

"Muulize Bi Jennet."

"Lanty," Edith akasema. Alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. "Ukitoka na hicho kikapu, nini kitakuwa?"

Lanty akamwambia wazi, akimtazama usoni: shamba litaandikwa jina la dada yake.

"Kiweke chini basi."

Lanty akautelezesha mpini hadi kiganjani. Nilidhani atakiweka. "Nelly anaweza kuja kiangazi," akasema mwishowe. "Na yule mdogo. Si ndiyo, dada?"

"Wakija watalala," Tamsin akasema. "Sitaahidi zaidi ya hapo. Sina nguvu ya kuahidi."

Edith akatundika kitambaa, akatoka kwa mlango wa ngazi, tukasikia hatua zake juu, kisha kitanda kikilia. Lanty hakusikia. Akafungua mlango wa nje.

Nilikwenda nao kwa sababu nyumba yangu iko upande huohuo. Kit Sowerby alikuwa kwenye geti lake, ananyoosha waya. Alimwona kwanza Tamsin, kisha Lanty na kikapu. Aliweka koleo chini.

"Mnatembea mwendo wa kasisi," akasema.

"Tumechoka, mzee," Tamsin akasema, akamnyooshea mkate. Kit akaupokea.

"Nyumba isimame," akasema, kisha akaugeuza mkate. "Huu umekaa kama jiwe la ukuta, Jennet. Uliukalia?"

"Donge lilikataa."

"Naona." Akamgeukia Lanty, akapaza sauti. "Kizito?"

"Kidogo, mzee."

"Baba yako mdogo alikibeba mwaka ule baba yako alipochukua shamba. Alilalamika kijiji kizima." Akainama kuokota koleo.

Kwa Mally Dent tulikaa zaidi, kwa sababu haoni tena na anataka kuelezwa kila kitu. Alikuwa kitandani chini ya dirisha. Akaushika mkono wa Tamsin kabla ya kuushika mkate, akaupapasa, akanusa.

"Umezalisha."

"Ndama jike."

"Na aliyebeba ni nani? Nimesikia buti za mwanamume."

"Ni mimi, Lanty, bibi."

Bibi akageuza uso kuelekea sauti. "Ulikuja umevaa kaptura mara ya mwisho. Uliniibia matunda."

"Sikumbuki, bibi."

"Mimi nakumbuka." Akaumega mkate mahali hapohapo, akatutaka tule naye, na tukala, tumesimama, ule mkate mzito, bila siagi. Ulikuwa na ladha nzuri kuliko nilivyotarajia. Lanty alitafuna polepole, macho chini, na sikumwona kama mtu aliyetua mzigo. Alionekana kama mtu ambaye kesho ana safari ya kurudi kwenye vyumba viwili na mke asiyezungumza.

Tulipotoka giza lilikuwa linashuka mlimani. Nyumba za upande wa juu bado zilikuwa zinangoja, na njia ya huko ni ya mawe. Tamsin alisimama njiani, akashika ukuta.

"Treni yenu saa ngapi?" akauliza, baada ya kumgusa Lanty begani ili ageuke.

"Ya asubuhi. Nitamwambia Edith tungoje ya mchana."

"Atakubali?"

"Sijui. Labda atatangulia."

"Upande wa juu basi tutakwenda kesho, mapema. Ndama lazima anyonye sasa, na mama yake hajasimama vizuri." Akamtazama mdogo wake. "Njoo nikuonyeshe anavyoshikwa, au rudi ukaongee na mkeo. Chagua wewe."

Lanty akasimama kati ya sisi wawili na kikapu chenye nusu ya mikate, kisha akasema atakwenda nyumbani kwanza, kwa Edith. Tamsin akaitikia kwa kichwa, akachepuka kuelekea zizini.

Mimi nilirudi kwangu, nikawasha taa, nikayatoa yale maandishi niliyoombwa na Bwana Wharton. Nikasoma mstari wa mwisho niliouandika, unaosema kwamba siku hizi neno hili ni jina la mkate tu. Nikaufuta. Nikakaa na kalamu kwa kitambo, mikono bado inanukia sabuni ya zizini, na hakuna kilichokuja ambacho ningeweza kukitetea. Nikafunika wino. Kesho ningehitajika mapema, kuifunga ile mikate ya juu kwa kitambaa chenye unyevu, labda italainika.